Naandika hadithi ya vijana kuhusu vikope, wanafunzi wangu wanaachia katikati. Nisaidieni

Mwalimu wa Chamwino

Mbukwenyi wandugu. Nafundisha Kiswahili sekondari huku wilaya ya Chamwino na ndio mlezi wa klabu ya afya hapo shuleni. Tangu likizo ya Desemba naandika hadithi ya vijana, imefika kurasa kama sabini za kaunta buku, inahusu binti wa kidato cha pili anaugua vikope, macho yanawasha, tongotongo haziishi, anaona aibu darasani, mwisho wa muhula anapofuka. Nilichagua vikope kwa sababu huku kwetu sio habari ya mbali, Kongwa hapo jirani watafiti wanafanya kazi ya ugonjwa huu tangu miaka ya 1980, na mpaka leo ukipita vijijini kiangazi unaweza kukuta mtoto kakaa mlangoni nzi wamejaa kwenye kona za macho na wala hawafukuzi, kashawazoea.

Sasa wiki iliyopita niliwapa wanafunzi watatu wasome. Wawili walirudisha wakasema nzuri mwalimu, wa tatu alirudisha kakunja ukurasa wa 41 akaniambia "mwalimu mi hapa ndo nimeishia, daktari anaongea sana". Nikaenda kuangalia, kweli, daktari anafika shuleni anaongea kurasa nne mfululizo, na nilipowabana wale wawili nao wakakubali kwamba waliziruka. Nimeumia kwa sababu zile kurasa nne ndio sababu ya mimi kuandika kitabu kizima. Naombeni ushauri, nifanyeje elimu ibaki na mtoto asome mpaka mwisho?

Dada wa Vitabu, Makole

Pole mwalimu na hongera pia, huyo aliyekunja ukurasa ndio msomaji wako wa kweli, mshike huyo usimuachie. Mi naazimisha vitabu kwa watoto wa mtaani kwetu hapa Makole, kitabu kikirudi naangalia kilipochafuka, maana kurasa zilizosomwa zina alama za vidole na mafuta ya maandazi halafu ghafla unafika mahali karatasi ni nyeupe kama jana ilitoka dukani. Mara nyingi panapoanzia weupe ni pale mtu mzima alipoanza kutoa risala. Watoto wanakaa paredi kila asubuhi wanaambiwa nawa mikono, osha uso, vaa viatu, ile sauti wanaijua hata ukiiweka ndani ya hadithi.

Muondoe daktari. Kila anachokijua mgawie mtu ambaye ana shida nacho siku hiyo hiyo. Huyo binti anataka nini zaidi ya kupona? Mi kwenye maelezo yako sijaona anachokitaka.

Nesi Kondoa

Mwalimu samahani nitaanza na kosa maana hili lisipite. Umesema binti anapofuka mwisho wa muhula, vikope haviendi hivyo. Mtoto anaambukizwa, anapona, anaambukizwa tena, na tena, miaka na miaka, ndani ya kope la juu makovu yanajengeka, kope linajikunja, nywele zake zinageukia ndani zinakwaruza jicho kila akipepesa. Upofu unakuja ukubwani, na wanawake ndio wanaumia zaidi kwa sababu wao ndio wanashinda na watoto wadogo. Mtoto wa miaka 15 akisoma kitabu chako halafu macho yake yakawasha muhula mzima na hakupofuka, atasema mwalimu alinitisha tu, na hapo hata la kweli hatalishika tena.

Ila ukweli wenyewe unakupa hadithi nzuri kuliko uliyonayo. Nyumba moja: mdogo wake wa miaka mitatu ndio ana nzi machoni, hapo ndipo ugonjwa unapoanzia, bibi yake ndio haoni, hapo ndipo unapoishia, binti yupo katikati anawatazama wote wawili. Na usisahau maji. Akina mama wengi niliowahudumia walikuwa wanaamini kumuosha mtoto uso ni kumaliza maji ya kupikia, ukichukua nusu kikombe ukamuosha mbele yao ndio wanashangaa, hata risala haihitajiki. Dawa nazo zina picha yake, siku ya kugawa azithromaisini watoto wanasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu, urefu ndio unaamua vidonge vingapi, wanajinyoosha vidole vya miguu waonekane warefu. Weka hiyo.

Mgogo wa UDOM

Nimesoma jibu la nesi nikaacha kazi niliyokuwa nafanya. Mimi nimekulia Mpwapwa na huyo binti wa katikati nilikuwa mimi. Bibi yangu mzaa baba alikuwa haoni, kuanzia darasa la nne nilikuwa nashika ncha ya fimbo yake mbele yeye anashika nyuma, kisimani, kanisani, msibani, kwenye vikao vya ukoo. Mnadani pia, Jumanne nzima shule sipo. Hakuna aliyenikataza shule, hakuna aliyekuwa mbaya, ilikuwa tu fimbo inahitaji mtu mbele. Kabla hajapoteza macho kabisa alikuwa anang'oa kope kwa kibano kilichofungwa uzi shingoni, anazipanga kwenye kanga pale gotini, akimaliza anasema leo nimetoa sita. Mimi nilikuwa nadhani ni uzee. Nilikuja kujua kwamba kuna upasuaji mdogo wa kope, unafanyika hata zahanati ya kijijini wakija wataalamu, nikiwa kidato cha tatu, na yeye tulikuwa tumeshamzika.

Mwalimu naomba uandike. Anachokitaka huyo binti ni kushika kalamu siku ya Jumanne.

Baba Wawili, Nkuhungu

Naungana na wote ila nataka kupinga kidogo. Msije mkaondoa maelezo yote kwa kuogopa risala mpaka mtoto akabaki na huzuni tu. Watoto wangu wakisoma hadithi wanaiamini kuliko kitabu cha baiolojia, kwa hiyo kama bibi kwenye hadithi anakamuliwa majani machoni na hakuna mahali panapoonyesha kwamba yale majani yanazidisha, kuna mtu ataenda kukamua. Yaseme wazi hata kama ni sentensi moja, ila iwe sahihi, na mpe nesi asome kabla ya kuchapa.

Halafu usiiache kwenye kaunta buku. Ipo Tuzo ya Nyerere ya uandishi bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa 2023 siku ya Aprili 13. Fuatilia matangazo yao.

Mwalimu wa Chamwino

Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. Dada wa Makole daktari nimemtoa. Mdogo wangu wa UDOM nimeomba ruhusa moyoni kabla ya kukuomba hapa, kile kibano naweza kukitumia? Nimekaa usiku nimeandika hivi, kurasa zile nne zimekuwa hizi sentensi:

*Dumu lilibaki na maji ya kufunika kitako tu na punda alikuwa hajarudi kutoka korongoni. Bibi alisema yaache ya ugali. Nilimimina nusu kikombe cha bati, nikamkalisha mdogo wangu kizingitini, nikamuosha jicho la kulia, la kushoto, pua, nikamfuta kwa upindo wa kanga. Nzi walizunguka wakakosa pa kutua. Kikombe kilikuwa bado na maji. Nikamwambia bibi geuka, nikamuosha na yeye, nikamfuta, kibano kikagonga kikombe. Akauliza, umemwaga yote? Nikamshikisha kikombe mkononi ajionee uzito mwenyewe.*

Mgogo wa UDOM

Kitumie mwalimu. Na alikuwa anakipasha kwenye jivu kabla, liweke na hilo.

Nesi Kondoa

Uzito wa kikombe umenigusa. Ila umewafuta wote wawili kwa upindo mmoja wa kanga, hapo hapo umehamisha ugonjwa kutoka kwa mtoto kwenda kwa bibi. Kila mtu kitambaa chake, au waache uso ukauke kwa upepo, Dodoma upepo haukosekani.

Mwalimu wa Chamwino

Nesi asante, hapo hata mimi sikuona na ndio mlezi wa klabu ya afya. Basi ule upindo naupeleka sura ya kwanza, anawafuta wote kwa kanga moja wakati bado hajui, na hapa waache wakauke na upepo. Jumatatu nampelekea yule aliyekunja ukurasa wa 41.