Mwenye nyumba anataka tupange huku tunanunua, mkataba tusaini au tusubiri?

Mama wa Wawili

Wakuu habari zenu. Mimi na mume wangu huu mwaka wa sita tunapanga, na kila tukianza kuweka akiba ya kununua nyumba linatokea la kutokea akiba inaisha. Sasa tumepata nyumba ya vyumba vitatu, mwenyewe anataka twende kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi, yaani tunaingia tunakaa, kodi tunalipa juu kidogo ya ile ya kawaida, halafu baada ya miaka 3 tunamalizia bei iliyobaki inakuwa yetu. Kuingia anataka asilimia 3 ya bei, anasema ndo ya kutushikia asiuze kwa mwingine. Mkataba ameshaleta, kurasa 4, na anataka tusaini wiki hii maana ana wateja wengine. Mume wangu ameshaipenda, mi moyo unasita ila nikiulizwa nasita nini sina jibu. Waliopita hii njia naombeni mniambie niangalie wapi.

Nilitoka Mikono Mitupu

Dada usisaini wiki hii, nakuomba. Mimi nilipita hukohuko na nilihama bila nyumba na bila hela. Mkataba wangu uliandika "kodi ya kila mwezi" na kiasi chake, basi, hakuna mahali pameandikwa kwamba ile ziada inakatwa kwenye bei ya nyumba. Kwa mdomo tulikubaliana vizuri tu tena mbele ya dalali. Miaka miwili na nusu baadae naenda kupiga nae hesabu naambiwa zile zote zilikuwa kodi, na nilipoisoma ile karatasi tena taratibu nikaona kweli, karatasi inasema kodi.

Kwa hiyo chukua kalamu upige hesabu na mumeo. Tuseme nyumba ya aina hiyo inapangishwa 100 kwa mwezi (namba tu za mfano), nyie mnatozwa 130, na bei ni 20,000. Ziada ni 30, mara miezi 36 inakuwa 1,080. Ile asilimia 3 ya kuingilia ni 600. Jumla 1,680, haifiki hata asilimia 9 ya bei. Hiyo 18,320 iliyobaki mtaitoa wapi siku miaka 3 ikiisha? Mimi hili swali nilijiuliza nikiwa nimeshachelewa. Na hapo nahesabu kwamba zote zimeandikwa kuwa ni malipo ya nyumba, kama hazijaandikwa mmelipa kodi ghali miaka 3 na mnaanza upya.

Kingine angalia neno kuchelewa. Kuna mikataba ukipitisha tarehe hata siku chache ile ziada ya mwezi huo inafutwa, ukirudia mara kadhaa haki ya kununua inaondoka yote na bado hela ya kuingilia hairudi. Omba muda wa kupumua uandikwe, siku kumi au kumi na tano, na aandike kwamba lazima akupe notisi kabla hajavunja.

Meza ya Mikopo

Nimekaa miaka mingi upande wa mikopo ya nyumba, hawa wapangaji wanunuzi wakifika kwetu mwishoni wengi wanakwama sehemu zilezile. Benki haiangalii umekaa miaka mingapi kwenye nyumba, inaangalia kipato, madeni mengine, na umeweka kiasi gani chako. Ukisema nimeshalipa ziada miezi 36, watakwambia lete ushahidi. Kama ulikuwa unampa mkononi huna kitu. Lipeni kwa akaunti kila mwezi, na kwenye maelezo ya malipo tenganisheni kodi ni kiasi gani na ya nyumba ni kiasi gani. Na nendeni benki SASA, sio mwaka wa tatu, muulize kwa kipato chenu mnakopesheka kiasi gani, kama jibu ni pungufu ya hiyo bakaa basi huo muda wa miaka 3 hauwatoshi, ombeni mrefu zaidi.

Halafu soma vizuri kama mkataba unasema MNAWEZA kununua au MTANUNUA. La kwanza ni haki, mkishindwa mnaondoka, mnapoteza hela ya kuingilia na mara nyingi ile ziada pia. La pili ni wajibu, mkishindwa mwenye nyumba anaweza kuwadai mahakamani. Bei nayo iwe imeandikwa kwa tarakimu leo, maana ikiandikwa "bei ya soko ya wakati huo" mtatunza nyumba, mtaipaka rangi, itapanda thamani, halafu mnauziwa jasho lenu wenyewe.

Kubwa kuliko yote, nendeni ofisi ya ardhi inayotunza kumbukumbu za hiyo nyumba mfanye upekuzi wenyewe, msikubali fotokopi ya hati. Jina ni lake? Kuna zuio la mahakama? Kuna mkopo juu yake? Kama imewekwa rehani na yeye haipeleki hiyo kodi yenu benki, nyumba inapigwa mnada nyie mkiwa ndani mnalipa kwa wakati. Nimeshaona familia imetolewa hivyo, inauma sana.

Fundi wa Zege

Hao juu wameshamaliza ya karatasi, mi naongeza nyumba yenyewe. Mpangaji wa kawaida paa likivuja anampigia mwenye nyumba, ila kwenye huu mpango mara nyingi matengenezo yanatupiwa mpangaji kwa hoja kwamba "ni yako". Sasa kama nyufa zilikuwepo kabla hujaingia unatengeneza mali ya mtu. Ingia na fundi kabla ya kusaini. Ukikuta rangi mpya chini tu ya ukuta, kimo cha goti hivi, weka kiganja, kama pana ubaridi na unga unabaki mkononi hapo unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, rangi imepakwa kuficha. Fungua bomba zote kwa pamoja halafu vuta maji chooni, usikilize yanatoka au yanarudi. Rudi tena siku ya mvua. Piga picha kila chumba zenye tarehe, muandikishane msingi na paa ni vya nani mpaka siku hati inabadilishwa jina.

Mama wa Wawili

Jamani asanteni sana, nimesoma yote nikamsomea na mume wangu. Nimerudi na majibu. Jana tumeenda kufanya upekuzi, jina ni lake kweli ila nyumba ina mkopo na hakutuambia. Tulipomuuliza akasema umebaki mdogo. Na ile ziada tumeitafuta kurasa zote 4 haipo, imeandikwa kodi tu kama ya yule ndugu pale juu. Je, na huo mkopo tuachane nae kabisa au kuna namna?

Meza ya Mikopo

Namna ipo kama yeye ni mkweli. Aombe benki yake barua ya deni lililobaki na benki iridhie huo mpango kwa maandishi, kisha sehemu ya malipo yenu iende moja kwa moja kwenye mkopo wake na risiti mbaki nazo. Mkataba usajiliwe au muweke zuio kwenye hati kadiri sheria ya kwenu inavyoruhusu, ili asiuze wala kukopea tena. Kama ana mke au mume naye asaini. Na kiandikwe kwamba akifariki warithi wanabanwa na mkataba huohuo. Wakili awe wenu, sio wa kwake. Akikataa hiyo barua ya benki, ondokeni.

Mama wa Wawili

Tumempigia, tumemwambia wiki hii hatusaini na hela ya kuingilia hatutoi mpaka tuione hiyo barua. Kanyamaza kidogo, kasema ataenda benki Jumatatu. Wakili tumepata, tunaonana nae kesho asubuhi na mkataba pamoja na picha za kuta.