Taarabu ni ya Sultani Barghash au ni ya Siti binti Saad? Naomba tujadili

Mtoa mada (Unguja)

Assalaam alaykum wadau. Juzi kwenye baraza yetu ya kahawa, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema kwamba Beit al-Ajaib, lile jumba la Barghash lililoporomoka, likisimama tena, ukumbi wake mkubwa upewe Sultani Barghash peke yake, kwa sababu bila yeye tusingekuwa na taarabu. Kijana mmoja akamjibu kuwa mtu aliyetawala juu ya watumwa hastahili hata picha ukutani. Waliachana bila kuagana. Mimi sikulala vizuri usiku ule, kwa kuwa naona kila mmoja ameshika nusu ya habari.

Nianze na haki ya Barghash. Alikaa kitini kuanzia 1870 hadi 1888. Kabla ya hapo, mwaka 1859, alijaribu kumpindua ndugu yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Aliporudi na kuupata utawala alijenga kama mtu anayekimbizana na saa: kasri la Marhubi, kasri la Chukwani, maji ya bomba hadi mjini, kiwanda cha uchapaji, na mwaka 1883 lile jumba lenyewe, na milango yake ya kuchonga yenye aya za Kurani, sakafu za marumaru na nguzo za chuma. Alipenda vitu vizuri na alipenda muziki. Ndiye, kama vikundi vyetu vinavyosimulia mpaka leo, aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi, ili arudi apige kasrini na kufundisha wengine.

Kwa asiyewahi kuiona kanuni kwa karibu: hulazwa mapajani, nyuzi zake ni zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu, kila tatu sauti moja. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole viwili vya shahada, na ndani ya kila pete huchomeka kipande chembamba cha kukwanyulia. Kabla ya mazoezi huinama na ufunguo mdogo, akakaza uzi mmoja, akasikiliza, akalegeza kidogo, akahamia wa pili. Nimeshuhudia kazi hiyo ikila karibu saa nzima, watu wa fidla wamekaa kimya wanamngoja. Chombo kama kile hakijifunzwi kwa kubahatisha. Lazima awepo mwalimu, iwepo nauli, na awepo mtu wa kukulisha miaka yote unayojifunza. Barghash alikuwa mtu huyo, na hilo hatuwezi kumnyang'anya.

Lakini fedha ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ushuru wa forodha na kwenye karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, Waingereza wakambana kupitia John Kirk, mwakilishi wao Unguja, hadi akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia wasisafirishwe baharini. Mashambani utumwa haukuondoka. Amri ya kuufuta ilikuja 1897, yeye yuko kaburini mwaka wa tisa. Kwa hiyo usiku ambao kanuni ililia kasrini, palikuwa na mtu shambani ambaye hata mikono yake haikuwa yake. Tukimtaja mlezi wa muziki tukamwacha mtu huyu, tumeongopa.

Na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Karibu 1880, Barghash akiwa bado kitini, kule Fumba alizaliwa mtoto wa kike wa ukoo wa kitumwa, akaitwa Mtumwa. Alikua akiuza vyungu. Akaingia mjini, akajifunza kuimba, na jina la Siti akapewa baadaye. Wakati huo kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilikwisha kuanzishwa, mwaka 1905, na wanaume wa mjini waliufurahia muziki uliokuwa umetoka kasrini. Siti aliuchukua muziki ule akauweka kwenye Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Fikirini: mji uleule aliohamishiwa mwana wa mfalme, binti wa Fumba aliufikia kwa sauti yake. Na aliimba mambo ambayo kasrini yasingeimbwa, kama habari ya Kijiti, aliyeua mwanamke mgeni akatoroka, huku sheria ikiwafunga wanawake waliotoa ushahidi.

Pendekezo langu ni chumba kimoja. Kanuni upande mmoja, santuri ya Siti upande wa pili, na katikati gunia la karafuu na pishi ya kupimia. Mnasemaje?

Mchangiaji kutoka Lamu

Ndugu yangu, umesema vizuri, lakini umeianza hadithi katikati. Huku kwetu mashairi yaliimbwa kwenye ngoma ya gungu kabla Barghash hajazaliwa, na kibangala, ala yetu ya nyuzi, kilipigwa bila ruhusa ya Sultani yeyote. Kasri lilileta ala na mpangilio. Ushairi lilikuta upo.

Mchangiaji kutoka Muscat

Kaka, mimi nimezaliwa Unguja na babu zangu ni hao mnaowajadili. Sikatai habari ya watumwa, ni kweli na inauma. Ninachoomba ni kwamba msituwekee gunia la karafuu kama kiti cha mshitakiwa. Jumba lilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliokuwa ukiendelea ulifadhiliwa na Oman. Nililia kama nyie.

Mtoa mada

Shukrani nyote. Sheikh wa Muscat, pole, na naamini ulilia. Watu wawili walipoteza maisha siku ile, wakiwa kazini kwenye jumba lile, na majina yao hayakusemwa sana kama jina la aliyelijenga. Ndiyo maana naling'ang'ania gunia. Halimshitaki mjukuu wa mtu. Linamwonyesha mtoto wa shule ni nani aliyelipa gharama, kwa sababu marumaru na mlango wa kuchonga havitamwambia.

Ndugu wa Lamu, umenisahihisha na nakubali. Kibangala kiingie, tena kitangulie mlangoni, mgeni akione kabla hajafika kwenye kanuni. Nimekuwa nikisema Barghash alileta taarabu. Kuanzia leo nitasema alileta kanuni na mpigaji wake, na watu wenye mashairi yao wakaifanya ya kwao.

Lakini kwa wale wanaotaka jina la Barghash lifutwe, bado sijashawishika. Nani atamweleza mtoto yule jinsi chombo cha Misri kilivyofika mapajani mwa mtu wa Unguja?

Sasa nawageukia wa Pemba, maana mikarafuu yenu kimbunga hakikuimaliza na hamjaandika neno. Je, kuna familia yenye pishi ya zamani, ile ya mbao, ambayo ingekubali kuiazima makumbusho? Na wazee wenu waliosimuliwa na wachumaji wenyewe, kuna nyimbo za shambani wanazozikumbuka? Kama zipo, ningependa tuzirekodi kabla hatujagombania picha ya ukutani.