Tamasha la mikoko: watu watucheka kabla hata spika hazijafungwa. Nipeni rai

MwanaTudor
Assalam aleikum ndugu zangu. Kikundi chetu kimepanga tamasha la kuchangisha pesa za kupanda mikoko na kuwaamsha watu kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Ni Jumamosi moja ya mwezi ujao, uwanja ulio karibu na bahari upande wa Mikindani. Twatarajia watu 800. Tiketi ni shilingi 300, na tumeahidi kila tiketi mkoko mmoja. Kutapigwa muziki wa bango na chakacha, halafu vijana wa kufoka.

Tangazo tumelitoa juzi, na tangu hapo ni kejeli tupu. Mmoja aandika "mwawasha jenereta kuitetea hewa?" Mwengine: "mfereji wangu hautoi maji wiki ya tatu, nyinyi mwaniimbia bahari." Wa tatu asema pesa zitaliwa na watu na mikoko italiwa na kaa.

Swali langu ni moja tu. Tuwajibu au tunyamaze?

FundiWaya
Jenereta ya kVA ngapi, yaani nguvu yake?

ShangaziKibokoni
Mwanangu, kabla ya hao wa mtandaoni, fikiria majirani wa uwanja. Muziki uzimwe saa kumi na mbili na robo, urudi baada ya Isha. Si kupunguza sauti, ni kuzima. Na kibali cha kelele kitafutwe mapema, kanuni zake zipo tangu 2009. Tamasha likivunjwa na polisi saa mbili usiku, hao wanaocheka watapata la kucheka mwaka mzima. Halafu hiyo chakacha, wacheze waliovaa nguo.

MsomajiMajengo
Kejeli hizo si mpya, na wala hazikuanzia Mombasa. Tarehe 7 Julai 2007 Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, na mtayarishaji Kevin Wall waliandaa Live Earth, matamasha ya siku moja kuhusu tabianchi, karibu na New York na katika London, Sydney, Tokyo, Shanghai, Hamburg, Johannesburg na Rio de Janeiro. Hata kituo cha utafiti cha Rothera kule Antaktika wanasayansi walipiga ala zao. Watu walisemaje? Matt Helders, mpiga ngoma wa bendi ya Arctic Monkeys, alisema mambo ya kuokoa ulimwengu hayawakai, wakati taa za jukwaa lao peke yake zala umeme wa nyumba kumi. Bob Geldof, yule wa Live Aid, tamasha la 1985 la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, aliuliza lengo hasa ni lipi, maana kuamshwa watu walikwisha kuamshwa. Istanbul tamasha lilifutwa. Johannesburg viti vingi vilibaki vitupu, ilhali Rio ufuo wa Copacabana ulijaa kwa kuwa kiingilio kilikuwa bure.

Kwa hiyo aliyekuuliza habari ya jenereta hakukutusi. Amekuuliza swali la Helders. Mjibu kwa hesabu.

Chipukizi001
Rio bure watu wanajaa, Mikindani mia tatu. Mimi nitasikiliza nikiwa juu ya ukuta 😂

MsomajiMajengo
Jengine, na hili ni la pesa. Tamasha la Bangladesh la tarehe 1 Agosti 1971, lile la George Harrison wa Beatles na Ravi Shankar mpiga sitar wa India, lilikusanya fedha nyingi, lakini sehemu kubwa ilikwama kwa watoza kodi wa Marekani miaka na miaka kwa sababu makaratasi ya hisani hayakushughulikiwa kabla ya tamasha.

Chipukizi001
Bangladesh, mtaa huu wa hapa Mikindani?? Watoza kodi wa Marekani walifikaje?

MsomajiMajengo
Ile ya Asia, Chipukizi.

Funzo kwako MwanaTudor ni hili: fungua akaunti ya mikoko peke yake kabla ya kuuza tiketi ya kwanza, watia sahihi watatu, mmoja awe mtu wa nje ya kikundi. Katika ile 300, taja wazi shilingi ngapi ni za mche, ngapi za ulinzi wa miche mwaka mzima, ngapi za jukwaa. Mtu hukasirika zaidi na "mapato yote yataenda kwa mikoko" kuliko na hesabu inayosema nusu yaenda kwa spika.

FundiWaya
Bado nangoja kVA.

MwanaTudor
Shukran nyote. Jenereta si tatizo, tunapewa bure na mdhamini, ya 200 kVA. Ndiyo maana nataka kujua tu kuhusu kujibu.

FundiWaya
Ndipo tatizo lilipo. Tamasha la watu 800 uwanja wa wazi, spika na amplifaya zisizidi 14 kW, taa za LED 5 kW, ala na vibanda 3 kW. Jumla 22. Jenereta ya 200 kVA yatoa kama 160 kW, kwa hiyo utaitumia asilimia 14. Injini ya dizeli ikienda chini ya asilimia 30 kwa saa nyingi haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, yajikusanya kwenye ekzosi meusi kama lami, na moshi watoka mzito. Tamasha la hewa safi, na nyuma ya jukwaa wingu jeusi. Picha hiyo ndiyo itakayozunguka, si ya mwimbaji.

Chukua 60 kVA. Itabeba kiasi cha nusu ya uwezo wake, italamba lita 8 kwa saa hivi. Saa tano ni lita 40. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa kaboni dioksidi kilo 2.7, basi ni kama kilo 108. Bora zaidi, kama karibu na uwanja kuna jengo lenye stima ya fezi tatu, omba soketi ya ampea 63 na mita ndogo ya kuhesabia. Sehemu kubwa ya stima ya gridi ya Kenya ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Jenereta ibaki ya akiba, imezimwa. Taa na spika zisikae fezi moja, la sivyo kila taa ikififishwa spika zitavuma. Na chuma cha ardhi kipigwe hadi kwenye udongo wenye unyevu, hapo pwani mchanga wa juu ni mkavu.

Lakini jenereta ni sehemu ndogo. Watu 800 ni kama matatu 57 za watu kumi na wanne. Kwenda na kurudi kilomita 20, lita moja kwa kilomita 9, ni lita kama 127. Mara tatu ya jenereta yako! Massive Attack, bendi ya Uingereza, walipofanya tamasha lao Bristol Agosti 2024, jukwaa lilienda kwa betri, na zaidi ya hapo hawakuweka maegesho ya magari ya watazamaji, na wenyeji walipewa nafasi ya kwanza kununua tiketi. Wewe uza kwanza Mikindani, Jomvu na Tudor, ndio walio karibu.

Mkosoaji_Kongowea
Fundi amemaliza. Mimi nauliza dogo. Ni mdhamini gani mwenye 200 kVA ya kugawa bure?

MwanaTudor
Ni kampuni ya hapa hapa. Haihusiani na swali.

Mkosoaji_Kongowea
Ya nini?

MwanaTudor
Ya mafuta.

ShangaziKibokoni
Ya kupikia?

MwanaTudor
Ya petroli na dizeli, shangazi. Lakini tafadhalini nisikizeni. Pesa ya petroli ama pesa ya nazi, mche ni mche, haujui umenunuliwa na nani. Tulibisha milango ya mahoteli, hakuna aliyetupa hata chupa ya maji. Hawa wametupa arbuni ya 250,000, na tumekwisha kuilipa kwa wasanii na kuchapisha tiketi. Hairudi. Sharti lao ni nembo tu jukwaani, ukubwa sawa na jina la tamasha, na wakubwa wao wapige picha wakipanda.

Chipukizi001
Kumbe waliokucheka walikuwa wanakuonea huruma 😂😂

MsomajiMajengo
Hiyo ndiyo habari, na uliificha chini ya mkeka. Bendi ya Coldplay mwaka 2021 walitangaza ziara yao itapunguza hewa chafu kwa nusu, wakashirikiana na Neste, kampuni ya mafuta ya Ufini inayotengeneza pia dizeli isiyotokana na petroli. Walikuwa na hata sakafu ya kuzalisha umeme kwa kucheza, lakini wakosoaji waliwashika kwa Neste. Na hao walilitaja jina wenyewe. Wewe watu wataliona jukwaani.

Arbuni ikiwa hairudi, basi jadili sharti. Nembo iwe chini, ndogo, pamoja na za wengine. Jina litangazwe leo, mseme wenyewe, kiasi kilichotolewa na kilichonunua nini. Jenereta yao irudishwe kwa sababu za kiufundi, Fundi amekupa sababu.

MwanaTudor
Jina siwezi kulitaja hapa. Na kuhusu picha wameshapanga kila kitu, hata mpiga picha. Ratiba ni nzuri, wallahi: kupanda saa kumi jioni bahari ikiwa imekupwa kabisa, jua limelegea, kisha muziki usiku chini ya mwezi mpevu. Tumechagua siku ya mwezi mpevu makusudi ili kupunguza taa.

MpigaKasia
Ngojeni kwanza. Uzi huu ni wa kubuni.

Mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa na kukupwa kupita kawaida. Mombasa siku za bamvua maji hukupwa mwendo wa saa nne, saa tano asubuhi, na hujaa mwendo wa saa kumi, saa kumi na moja jioni. Daima. Kukupwa saa kumi jioni ni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na hata hapo maji hayashuki sana. Mtoto wa Tudor aliyewahi kuogelea hata mara moja hawezi kuandika "mwezi mpevu, saa kumi, bahari imekupwa". Huyu yuko bara, anatunga.

Mkosoaji_Kongowea
Nilijua. Kampuni haina jina, tarehe haina nambari, uwanja "karibu na bahari".

Chipukizi001
Rudisheni rai zetu!

ShangaziKibokoni
Na mimi nimeshamwita mwanangu.

MwanaTudor
Si uongo jamani! Tudor ndiko nilikozaliwa. Ratiba hatukuiandika sisi, imeletwa na ofisi yao ya Nairobi. Walichagua saa kumi kwa ajili ya mwanga wa picha, wakaandika "maji yakiwa chini", nasi tukachapisha. Nimefungua jedwali la maji sasa hivi. MpigaKasia umesema kweli. Saa kumi na dakika ishirini ndiyo kilele cha kujaa.

Tiketi zimeandikwa saa kumi.

MpigaKasia
Basi nakutaka radhi kwa neno la kubuni, lakini tatizo limekuwa kubwa zaidi. Bamvua kubwa hapa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Saa kumi hapo pa kupandia mtu atasimama maji shingoni, na mkubwa wa kampuni na kamera yake.

KaaMikandaani
Nimesoma kimya, sasa mmefika kwangu. MwanaTudor, mwapanda wapi hasa?

MwanaTudor
Pale mbele kabisa kwenye tope lililo wazi. Pana nafasi kubwa, hapana mti hata mmoja.

KaaMikandaani
Pamekuwa wazi kwa sababu mti haumei hapo. Maji hukaa muda mrefu mno, na chaza na viumbe wadogo wa baharini wenye maganda hujibandika kwenye mche mpaka ulale. Mstari wa mbele ni wa mlilana, aina moja ya mikoko. Nyuma yake ndipo mkoko wenyewe, kisha mkandaa, na mchu juu karibu na nchi kavu. Tafuta palipokatwa miti, visiki vitakuonyesha ni mti gani uliokuwapo. Na misitu ya mikoko ni ya serikali tangu 1932, kwa hiyo nenda kwa Huduma ya Misitu na kikundi cha misitu cha wenyeji kabla ya kuchimba.

Mbegu za mkoko: okota 1,000 kwa ajili ya 800, maana nyengine zitakuwa zimetobolewa. Iliyokomaa ina pete ya manjano pale inaposhikana na tunda lake. Weka kivulini ndani ya gunia bichi. Chomeka thuluthi moja tu kwenye tope, ncha iliyochongoka chini, kichipukizi juu. Wageni huzichomeka kichwa chini, huo ndio ugonjwa wa picha za wakubwa. Mita moja kati ya mche na mche, basi 800 ni eneo la mita 800 za mraba, si kubwa. Na usilete watu 800 topeni, watakanyaga zaidi ya wanachopanda. Sitini watosha, makundi ya kumi kumi, kila kundi na mwenyeji mmoja. Wasivae buti za mpira, tope huzing'ang'ania. Raba kuukuu zilizofungwa kamba barabara, kwa sababu ya maganda ya chaza.

Yule aliyesema mikoko italiwa na kaa, kaa hula kweli. Ahidi miche 800 iliyo hai baada ya mwaka, si 800 iliyopandwa. Weka pesa ya kupandia tena mapengo.

MwanaTudor
Kwa hiyo muziki Jumamosi usiku, kupanda Jumapili saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tano. Tiketi tutazipiga muhuri wa saa mpya. Jenereta nitawaambia ni kubwa mno, na jina lao nitalitoa kesho pamoja na hesabu, wakikubali wasikubali. Nembo sijui. Nembo itanisumbua.

FundiWaya
Soketi ya ampea 63 usisahau.

MwanaTudor
Nimempigia mtu wao sasa hivi. Asema Jumapili saa nne jua litakuwa kali, nyuso zitatoka nyeusi kwenye picha.

ShangaziKibokoni
Mwambie zaja kofia za ukili, shilingi mia mbili, pesa ziingie akaunti ya mikoko.