Mkongo wa baharini kama kipima tetemeko: polaraizesheni tuizime au tuisikilize?

Nahodha wa Mwanga: Wakuu, kuna wanaodai mikongo ya pwani yetu inaweza kunasa matetemeko kwa kusoma polaraizesheni, yaani uelekeo ambao wimbi la mwanga linatikisika. Napinga. Kwenye vihisi vya faiba (nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga) polaraizesheni ndiyo adui. Vihisi hivyo hupima kwa kukutanisha miale miwili; ikikutana polaraizesheni zake zikiwa pembe mraba, ishara inapotea kabisa, na faiba ikikunjwa tu au ikipata joto mkao wa polaraizesheni unabadilika. Ndiyo maana tangu kazi ya Martinelli ya 1989 watu hufunga mwishoni kioo cha Faraday, kinachorudisha mwanga huku kikigeuza polaraizesheni yake: polaraizesheni inazungushwa digrii 45 kwenda na 45 kurudi, vurugu za njiani zinajifuta. Tuizime kwanza, ndipo tupime. Na hii si kazi ya kuwaachia waunga nyaya.

Koleo: Hiyo sentensi ya mwisho ilikuwa ya nini? Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika kusini huko, nchi nzima ikalia intaneti, waliounga ni akina nani? Wenye vioo?

BintiKizingo: Curie, mkongo wa Google kutoka Los Angeles hadi Valparaíso, ulisomwa polaraizesheni ya mwanga ule ule wa mawasiliano, bila kushusha kifaa kipya baharini. Ukanasa matetemeko kama 20, likiwemo lile kubwa la Jamaica, 2019 nadhani.

Nahodha wa Mwanga: Ni Januari 2020, ukubwa 7.7. Kabla ya kutufundisha shika tarehe.

BintiKizingo: Tarehe umeipata, hoja umeikimbia. Kioo chako kinafaa mwanga ukirudi njia ile ile. Mkongo mrefu una vikuza mwanga vinavyopitisha upande mmoja. Utakifunga wapi, ndugu yangu?

Nahodha wa Mwanga: Na wewe utajuaje tetemeko limetokea wapi? Polaraizesheni inakupa jumla ya njia yote, maelfu ya kilomita kwa mkupuo mmoja.

Koleo: Bado hujanijibu. Halafu nikuongezee: chini kabisa baharini kumetulia, ndiyo maana Curie ilifaa. Huku nchi kavu faiba iko juu ya nguzo, upepo ukivuma mkao wa mwanga unacheza mchana kutwa. Hayo tunayaona sisi waunga nyaya.

Mzee wa Kurasini: Wanangu, Agosti 2020 Dar ilitikisika saa mbili usiku, wajukuu wakatoka mbio na taulo. Hakuna aliyetuambia kitu.

Mbagala Damu: Shikamoo mzee. Ila Mbagala hatukusikia chochote, hiyo ilikuwa ya maghorofani.

Mzee wa Kurasini: Marahaba. Nyumba yangu ni ya chini, na vyombo viligongana kabatini. Usinifanye mwongo.

Mbagala Damu: Sijasema mwongo mzee. Nasema kwetu kimya.

BintiKizingo: Mzee ana haki. Chanzo kilikuwa baharini, kusini-mashariki ya Dar, na vihisi vilivyo karibu huko hakuna vya kutajika.

Nahodha wa Mwanga: Hata vingekuwepo, mngepata onyo la sekunde chache.

BintiKizingo: Tsunami ya 2004 ilitoka Sumatra, ikasafiri saa kadhaa ndipo ikatufikia, na Dar watu walikufa. Hapo hatukukosa sekunde. Mkongo ungesikia, nani angefunga fukwe?

Koleo: Hilo sasa ndilo swali. Wenye mkongo ni makampuni, je, data wataitoa bure?

Mbagala Damu: Bure? Bando tu wanatukata.