Mafundi breki na wauza spea wa Arusha, hili neno "zinaingiliana" litaua watu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nazungumzia nati za paipu za breki. Jumapili asubuhi nilikuwa nashuka kutoka Ilboru kwenda Sanawari, mdogo wangu kakaa pembeni yangu. Nikakanyaga breki kabla ya kona, pedali ikazama hadi chini. Nikapampu mara mbili, hakuna kitu. Nikarudisha gia, nikavuta handibreki kwa nguvu zangu zote, gari likaenda kusimama limeegemea ngema upande wa kushoto. Mama mmoja aliyekuwa anapandisha na ndoo kichwani alikuwa hatua kumi hivi mbele yetu. Alisimama tu, akatuangalia, hakusema neno. Tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi.

Gari hilo nimelijenga mwenyewe nyumbani, Moshono, miaka miwili ya wikendi na mshahara. Chesisi, injini na giaboksi ni za Land Rover Series III, ekseli zote mbili ni za Toyota Hilux. Mungu alitusaidia kwamba handibreki ya Land Rover hizo haitegemei mafuta ya breki wala haiko kwenye magurudumu. Ina dramu yake nyuma ya giaboksi, inashika propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli. Ingekuwa vingine nisingekuwa naandika hapa.

Kazi ya paipu za breki sikuifanya mwenyewe. Nilisema breki si kitu cha kujaribia, nikapeleka gari kwenye gereji moja Unga Limited, nikalipa nilichoambiwa bila kuomba punguzo. Ekseli nilizinunua chakavu, paipu zimekatwa kwa msumeno, kwa hiyo zote zilitakiwa zitengenezwe upya. Nikamwambia fundi kwa mdomo wangu: kaka, masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali, ni ya Mwingereza na magurudumu ni ya Mjapani, angalia tredi, yale meno ya nati. Akanijibu, "Ondoa shaka mkuu, hizi zinaingiliana." Muuza spea aliyetuuzia nati naye akasema hivyohivyo: zinaingiliana, wenzako wote wanafunga.

Ni kweli zinaingiliana, na hapo ndipo mauti yalipo. Nati ya breki ya Land Rover hizo za zamani ni ya inchi, 3/8 yenye meno 24 kwa inchi. Ya Toyota ni mili 10, na kutoka jino hadi jino ni mili 1. Ile 3/8 ukiigeuza kuwa mili ni 9.5, na kutoka jino hadi jino ni kama mili 1.06. Kwa jicho huwezi kuzitofautisha. Spana namba 11 inakamata nati ya inchi vizuri tu. Ukiichukua ukaichomeka kwenye silinda ya breki ya gurudumu la Toyota inaingia kwa vidole, laini kabisa, hata inacheza kidogo. Unakaza, inakaza. Unatoa upepo kwenye mafuta ya breki, pedali inapanda juu, unapewa funguo. Lakini meno yameshikana nchani tu, na kila ukikanyaga breki yanazidi kulika. Tairi lako lina upepo wa baa 2 hivi. Kwenye paipu ya breki, ukikanyaga kwa nguvu, presha inaweza kupita baa 100. Meno yaliyoshikana nchani yatazuia hiyo kwa siku ngapi?

Yangu yalizuia siku tisa.

Nilipofungua gurudumu la nyuma kushoto nati ilitoka kwa mkono, sikuhitaji spana. Imezungushiwa tepu nyeupe, ile ya mafundi bomba, imelowa na kuchanika vipande vipande. Chini ya tepu meno yamenyolewa, yanang'aa, na ndani ya silinda kuna vijiuzi vya chuma vyembamba kama unywele. Yaani fundi aliona inacheza! Aliona, akaijaza tepu, akanyamaza. Hiki ndicho kinachonichoma kuliko vyote, kwa sababu kutokujua namsamehe mtu. Na tepu kwenye breki haina kazi. Tredi kazi yake ni kukandamiza tu. Kinachozuia mafuta yasivuje ni mdomo wa paipu uliochanuliwa, unapokaa sawasawa kwenye kiti chake. Mdomo nao una aina zake: upo wa faneli uliokunjwa mara mbili, ambao Toyota wanautumia, na upo wa duara kama uyoga, wa magari mengi ya Ulaya. Ukichanganya hapo hata nati ikiwa sahihi utavuja.

Na masta yangu ni ya njia moja, mafuta ya magurudumu yote yanapita humo. Tundu moja likivuja, magurudumu yote manne hayana breki.

Mbele kushoto nikakuta paipu ya shaba tupu, ya friji. Shaba hiyo ikitikiswa inakomaa na kupasuka, na barabara zetu mnazijua. Nimeing'oa yote.

Nilirudi dukani na nati mkononi. Nikaoneshwa karatasi ya ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Bosi, sikuja kudai elfu sita zangu, nilikuja kukuomba uzitenganishe hizo nati, maana kwenye kopo lako za inchi na za mili zimelala pamoja! Akageukia mteja mwingine. Fundi yeye alisema nilikanyaga breki vibaya.

Kinachoniumiza ni kwamba dawa yake ni ndogo mno. Paipu ni ileile ya mili 4.75. Upande wa masta unavalisha nati ya inchi, upande wa gurudumu unavalisha nati ya mili 10, halafu ndipo unachanua midomo kwa namna kila upande unavyotaka. Basi. Kipimo cha tredi ni kile cha majani majani kinachoenea mfukoni, unakilaza kwenye meno, mwanga ukipenya si saizi yake. Gereji inayopokea magari ya watalii na daladala inakosaje kitu hicho?

Silinda ile nimeitupa, sitachonga tredi kubwa zaidi kama nilivyoshauriwa. Nabadilisha na masta niweke ya njia mbili. Gari liko juu ya mawe na halishuki mpaka kila nati nimeipima kwa mkono wangu. Nati za mili 10 nimepata. Za inchi 3/8 mpya, za chuma, bado nazitafuta. Mwenye kujua duka lolote Arusha au Moshi linaloziuza zikiwa kwenye kopo lake peke yake, aandike hapa. Na kama gari lako limepita mikononi mwa fundi wa "zinaingiliana", fungua magurudumu uangalie kabla hujashuka mteremko wowote.