MJADALA: Sindano ya maumivu ya kinena siku ya mechi ipigwe marufuku kwenye mashindano ya mtaani Dar?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni mazoezi tiba, nahudumia wachezaji upande wa Temeke na Mbagala. Naleta hoja moja, tuijadili bila kuoneana haya: waandaaji wa mashindano ya mtaani hapa Dar waweke kanuni kwamba mchezaji aliyechomwa sindano ya maumivu ya kinena siku ya mechi hachezi siku hiyo. Anakaa benchi, basi.

Kila msimu wa ndondo, yaani mechi hizi za mtaani, hali ni ile ile. Winga anaumwa ndani ya paja, juu kabisa, pale paja linapokutana na kinena. Akikimbia moja kwa moja anajikaza, akigeuka ghafla au akipiga krosi anajishika. Meneja anampigia kijana wa duka la dawa, kijana anakuja na bomba na kichupa cha diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, mfukoni. Mchezaji anainama nyuma ya gari la Noah, anashusha bukta kidogo, anachomwa takoni, anaenda kupasha. Hakuna aliyemlaza chini akambonyeza. Hakuna aliyemuuliza kama usiku anashtuka akijigeuza kitandani.

Kinena ni mahali pagumu, kwa sababu vitu vingi vinaumia kwenye eneo dogo. Mwaka 2014 wataalamu walikutana Doha wakakubaliana namna ya kuyagawa maumivu haya kwa wanamichezo: ya misuli ya ndani ya paja, ya msuli unaonyanyua paja, ya eneo la ngiri, ya mfupa wa kinena wenyewe, halafu ya kiungo cha nyonga, na mwisho sababu nyinginezo. Kila kundi lina tiba yake. Na kuanza kuyatenganisha hakuhitaji mashine. Mlaze mchezaji kwenye mkeka, weka ngumi yako katikati ya magoti yake, mwambie abane kwa nguvu zote. Maumivu yakija pale pale anapolalamikia, na ukibonyeza mzizi wa misuli ya ndani ya paja anaruka, umeshapiga hatua kubwa.

Kinachoninyima usingizi ni hizo sababu nyinginezo. Kijana wa miaka 13 anachechemea, anasema kinena au hata goti, kumbe kichwa cha mfupa wa paja kinateleza kutoka mahali pake. Mwenye selimundu, na nchi yetu inao wengi, kichwa hicho hicho kinaweza kuwa kinakufa kwa kukosa damu. Mkimbiaji wa mbio ndefu anaweza kuwa na ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja. Korodani iliyojisokota inatakiwa ifike kwa mpasuaji ndani ya saa sita hivi tangu maumivu yaanze. Diklofenaki inaweza kuyapoza yote hayo kwa muda, na haitibu hata moja.

Naomba kuwasilisha.

Meneja wa Kinesi

Mkuu, unayosema yana ukweli ila hujawahi kuendesha timu. Sisi tunachangishana hela ya jezi, maji na nauli. Huyo mtu wa kumlaza mchezaji kwenye mkeka tumtoe wapi? Tena wachezaji wenyewe ndio wanaoomba sindano. Ni watu wazima, wana familia, na nusu fainali hairudi. Huko Ulaya wachezaji wakubwa wanachomwa wanaingia. Na nani atasimamia? Refa atajuaje nani kachomwa nyumbani kwake saa nne asubuhi?

Mleta mada

Ulaya anayechomwa ameshapimwa, na kuna daktari ambaye jina lake liko kwenye faili. Akiharibikiwa, kuna wa kuulizwa. Hapa kwetu wa kuulizwa ni nani?

Tena kuna jambo viongozi wengi hawalijui. Diklofenaki haimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, lakini tangu tarehe 1 Januari 2022 sindano zote za dawa za jamii ya kotizoni, zile kali za kupunguza uvimbe, zimekatazwa wakati wa mashindano na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, hata ile ya kuchomwa kwenye kiungo. Sasa kijana wako anayeota kusajiliwa Ligi Kuu, akiulizwa kichupa kile kilikuwa na nini, atajibu nini?

Usimamizi: hatutamkamata kila mtu, nakubali. Lakini leo sindano inachomwa mbele za watu, watoto wanatazama. Tuanze na hiyo.

Mama wa Tandika

Mimi si mtaalamu, ni mzazi. Mwanangu alipiga shuti akasikia kitu kimekatika kwenye nyonga. Mtaani wote wakasema ni ngiri. Nikapewa dawa za mizizi, akanywa, mazoezi anaenda na kocha anamchua. Tulipofika hospitali wakampiga eksirei: kipande cha mfupa kimenyofoka pale msuli unaposhikia, maana alikuwa bado anakua. Akapewa magongo, akapumzishwa, akapona bila kupasuliwa. Naomba mseme pia kuhusu kuchua. Kila mechi kuna mtu ana chupa ya mafuta anachua watoto wa watu kwa nguvu zote.

Mpasuaji

Naunga mkono kupima kwanza, ila nisiache watu wa mazoezi tiba wajimilikishe kinena. Ufini walichukua wanamichezo 60 wenye maumivu sugu ya aina ya eneo la ngiri, matokeo yakatoka mwaka 2011. Kati ya 30 waliopasuliwa kwa tundu dogo, 27 walikuwa wamerudi michezoni ndani ya miezi mitatu. Kati ya 30 walioendelea bila kupasuliwa walirudi 8. Napokea wachezaji waliofanyishwa mazoezi mwaka mzima wakati ilitakiwa waletwe mapema.

Mleta mada

Daktari, hapo sina ubishi, kwa kundi hilo. Ila aliyeumia misuli ya ndani ya paja ni habari nyingine. Per Hölmich na wenzake wa Denmaki mwaka 1999 walichapisha utafiti wa wanamichezo 68 wenye maumivu sugu ya misuli hiyo. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili kwa wiki 8 hadi 12, jingine likapewa tiba za mashine, kuchuliwa na kunyooshwa. Waliorudi kwenye kiwango chao bila maumivu ni 23 upande wa mazoezi, na 4 upande wa pili. Mama wa Tandika, jibu lako liko hapo: kuchua peke yake hakuponyi, na kwa mtoto aliyenyofoka mfupa ni kumuumiza zaidi.

Na picha ya MRI nayo isichukuliwe kama hakimu. Wachezaji wasioumwa chochote nao huonekana na mabadiliko kwenye mfupa wa kinena. Picha inasomwa pamoja na mtu aliyelala kitandani.

Beki wa kushoto

Kaka, mimi ndiye huyo mnayemjadili. Nimechomwa sana. Nikikaa nje wiki nane namba yangu inachukuliwa, na ile hela ya mechi ndiyo inayonisogeza. Niache kabisa?

Mleta mada

Hapana mdogo wangu, kwa wengi si lazima kuacha kabisa. Kabla ya mazoezi bana ngumi ya mwenzako au mpira katikati ya vifundo vya miguu kwa sekunde tano, ujipe alama kuanzia 0 hadi 10. Maumivu ya 0 hadi 2, endelea. 3 hadi 5, punguza mashuti na kugeuka ghafla. 6 kwenda juu, usiingie, tafuta mtu akupime. Halafu kuna zoezi la kulala ubavu, mwenzako akakushikia mguu wa juu, wewe ukainua kiwiliwili kwa nguvu ya paja la ndani. Halitaki kifaa. Norwei walilijaribu kwa timu 35, mwaka 2019 wakatoa matokeo: matatizo ya kinena yalipungua kwa asilimia 41. Ukiwa na maumivu tayari, anza nyepesi. Ukichechemea, ukiamka usiku kwa maumivu, au ukiona uvimbe, nenda hospitali kwanza.

Meneja wa Kinesi

Hilo zoezi nitawapa vijana wangu kesho. Lakini marufuku kwa watu wazima bado siikubali. Anzeni na chini ya miaka 17, hapo nitawaunga mkono hadharani.

Mleta mada

Tuanzie hapo, nashukuru. Ila beki aliyeandika hapo juu si mtoto, na sijasikia akisema kuna mtu wa timu aliyewahi kumpima. Waandaaji mliomo humu: kwenye fomu ya usajili wa timu mna nafasi ya jina la kocha na la meneja. Mtaongeza mstari wa mtu wa tiba, au bado?