Uhifadhi wa bahari skuli za msingi: ni mzigo kwa watoto au ni haki yao?

Ndugu zangu, hoja mbili zimetawala mjadala huu. Ya kwanza: mtoto amepelekwa skuli aikimbie ngalawa, sasa mwalimu amrudishie habari za pweza za nini? Ya pili: kumfundisha mtoto wa mvuvi uhifadhi ni kumbebesha lawama za meli kubwa za uvuvi. Hii ya pili ina uzito. Doria ikipita, mvuvi mdogo mwenye madema mawili, mitego ya samaki, ndiye anayeonekana kwanza.

Hata hivyo nasema uhifadhi ufundishwe, tena kuanzia darasa la tatu. Nasemea Unguja na Pemba. Huku mtoto anaijua pwani kabla ya kujua kusoma. Maji ya bamvua, yanayotoka mbali kuliko siku nyingine, yakitoka, anafuatana na mama yake kuchokoa pweza, na mapango anayajua. Asilolijua ni kwamba pweza jike hutaga mara moja tu maishani, hulinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Ukimtoa kabla ya hapo, umeondoka na maelfu ya watoto wake. Akilielewa hilo, hahitaji kuhubiriwa kwa nini Kisiwa Panza, kule Pemba, hufunga sehemu ya mwamba isivuliwe pweza kwa miezi kadhaa. Siku ya kufungua apelekwe na mizani, apime, aandike, alinganishe. Hiyo ni sayansi na hesabu, wala hatujaongeza somo jipya.

Ninachokipinga ni uhifadhi wa kukariri. "Taja faida tano za mikoko": mtoto anapata zote, jioni anamsaidia mjomba wake kukata boriti za mikoko hiyo hiyo. Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja kilichotangazwa hifadhi mwaka 1994, kimekuwa kikiwachukua wanafunzi wakayatazame matumbawe kwa macho yao. Kisiwa kimoja hakiwezi kubeba skuli zote, lakini vijiji vyetu vya pwani vina miamba yao na bibi wanaoijua. Waitwe wafundishe, na walipwe posho kama wawezeshaji wengine.

Na kuogelea kuje kwanza. Wasichana wengi wa visiwani wanakua bila kufundishwa, kwa hofu na kwa ajili ya stara, kisha tunawataka wailinde bahari wasiyoingia. Mwalimu wa kike na nguo za stara vinatosha kuanzia.

Mnaosema ni mzigo, nijibuni hili: anayemfundisha mtoto kuvuta juya la kukokota, wavu unaoburuzwa chini na kuharibu mwamba, yuko ufukweni kila siku. Skuli ikinyamaza, nani mwingine atamfundisha?